Kuzungumza na wazee wa Dar es Salaam: Marais wanapotafuta sikio la taifa

RAIS wa Jamhuri ya Muungano anapokuwa na jambo zito la kulieleza taifa, hakosi pa kulisemea. Anaweza kulihutubia Bunge mjini Dodoma, kuwaita waandishi wa habari Ikulu, au kukaa mbele ya kamera za televisheni na kuzungumza na wananchi majumbani mwao. Hata hivyo, tangu enzi za Mwalimu Julius Nyerere, marais wa nchi hii wamekuwa wakirejea kwenye hadhira moja ambayo haitajwi na Katiba wala na sheria yoyote: wazee wa Dar es Salaam.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Wazee, wanaume kwa wanawake, hualikwa kutoka wilaya za mkoa na kukusanyika ukumbini. Kiongozi wao humkaribisha mgeni, naye huzungumza kwa muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya saa nzima, huku redio na televisheni zikirusha maneno yake moja kwa moja. Nafasi ya maswali huwa finyu au haipo kabisa. Kinachotafutwa ni baraka, na pia mazingira ambamo kiongozi anaweza kuonya, kukemea na hata kufanya mzaha bila kukatizwa.

Asili ya jambo hili iko kwenye harakati za kudai uhuru. Chama cha TANU kilipoundwa Julai 7, 1954, rais wake alikuwa mwalimu wa miaka 32 kutoka Butiama, aliyekuwa akifundisha Pugu, nje ya mji. Hakuwa mwenyeji wa Dar es Salaam. Waliomfungulia milango ya mji ni wenyeji, akiwamo Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, na baadaye Baraza la Wazee la TANU lililoongozwa na Sheikh Suleiman Takadir. Bila wazee hao, kijana yule asingesikilizwa Kariakoo, Gerezani wala Magomeni.

Uhusiano huo haukuwa wa kupiga makofi tu. Mwaka 1958 Sheikh Takadir mwenyewe alitofautiana na uongozi wa chama kuhusu nafasi ya Waislamu katika taifa litakalozaliwa, naye akafukuzwa. Tukio hilo halisimuliwi mara nyingi katika kumbi za leo, lakini linaonyesha kwamba baraza la mwanzo lilikuwa na ubavu wa kumpinga aliyekuwa akizungumza nalo.

Hotuba iliyoujengea utaratibu huu heshima ni ile ya Novemba 2, 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera na kuitwaa ardhi ya kaskazini mwa mto huo. Mwalimu aliwakuta wazee katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na hapo ndipo alipotamka maneno ambayo hadi leo watoto wa shule wanayajua, kwamba nchi inao uwezo wa kumpiga adui, inayo sababu, na inayo nia. Alikuwa akiwatangazia wananchi vita, lakini aliyatamka kama mtu anayewaarifu wakubwa zake jambo lililoipata familia.

Maneno hayo yalisikika nchi nzima kwa sababu nyepesi sana: redio ilikuwa moja. Radio Tanzania Dar es Salaam haikuwa na mshindani. Magazeti ya kila siku yalikuwa Uhuru la chama na Daily News la Serikali, na televisheni Tanzania Bara haikuwapo kabisa. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, kwa sensa ya Agosti 1978, ulikuwa na watu wasiofika milioni moja. Mzee aliyetoka Diamond Jubilee jioni ile na kurudi Temeke au Kinondoni aliikuta mitaa inayomfahamu. Alikuwa na nyumba, alikuwa na msikiti au kanisa, alikuwa na kijiwe cha bao, na kwenye misiba neno lake lilisubiriwa. Alichokisema baada ya hotuba kilikuwa na uzito kama wa hotuba yenyewe.

Mwalimu alirudi kwa wazee hao mwaka 1985 alipokuwa akiwaaga, na kuwakumbusha jinsi walivyompokea. Kisha nchi ikabadilika.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iligundua kwamba wananchi wapatao asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza mfumo wa vyama vingi. Mfumo huo ukaanza rasmi Julai 1, 1992. Magazeti binafsi yakachipuka, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza kurusha matangazo. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Manzese au Tandika aliweza kuzima sauti ya kiongozi na kufungulia nyingine.

Mwanasiasa aliyekuwa wa kwanza kuvuna katika shamba hilo jipya ni Augustino Lyatonga Mrema. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu alikuwa amejijengea jina kwa kutoa maagizo yenye muda wa siku saba, mbele ya watu na mbele ya waandishi. Mwaka 1995 alihamia NCCR-Mageuzi akagombea urais, na wafuasi wake walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani. Alipata asilimia 27.8 ya kura dhidi ya asilimia 61.8 za Benjamin Mkapa. Uchaguzi wa Dar es Salaam ulivurugika kiasi cha kufutwa na kurudiwa Novemba 19, na Oktoba 1996 Mrema akarejea ulingoni Temeke, katika uchaguzi mdogo wa ubunge, akaishinda CCM.

Ushindi ule wa Temeke ulitoa somo ambalo vyama vyote vililielewa. Wilaya za pembeni mwa jiji, zenye vijana wengi, wapangaji wengi na wageni wengi kutoka mikoani, hazikuwa tena na mzee mmoja wa kuzisemea.

Mkapa, ambaye alipata kuwa mhariri wa The Nationalist, Uhuru na Daily News, kisha mwandishi wa habari wa Rais na mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania (SHIHATA), hakuwa na subira na magazeti mapya. Alipendelea kuzungumza mwenyewe, katika hotuba za kila mwisho wa mwezi zilizorushwa na redio na televisheni. Rais Jakaya Kikwete aliurithi utaratibu huo mwaka 2005. Ni njia yenye faida kwa msemaji, kwani hakuna mhariri katikati. Udhaifu wake ni kwamba aliyechoka hubadili stesheni tu.

Wakati huo huo vyombo vya habari vilikuwa vikijipanga nyuma ya wenye navyo. CCM ilikuwa na Uhuru, Mzalendo na Radio Uhuru. Tanzania Daima lilikuwa mali ya kampuni ya familia ya Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa Chadema. Nipashe, ITV na Radio One vilikuwa vya Reginald Mengi, na Mtanzania likaingia mikononi mwa Rostam Aziz, mbunge wa Igunga kwa tiketi ya CCM. Aprili 2009 Mengi alipowataja hadharani watu aliowaita mafisadi papa, Rostam akiwamo, na Rostam alipojibu, msomaji wa Dar es Salaam alilazimika kununua magazeti mawili ili kujua kilichosemwa. Wengi walinunua moja tu.

Tukio lililouonyesha mgawanyiko huo waziwazi lilitokea Temeke, katika viwanja vya Mwembeyanga, Septemba 15, 2007. Siku hiyo Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema na Mbunge wa Karatu, alisoma mbele ya umati orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Orodha hiyo ilimgusa Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, mawaziri, Rais mstaafu na hata Rais aliyekuwa madarakani. Si kila chombo cha habari kilithubutu kuichapa yote. Walioitaka waliipata kwa nakala za fotokopi, kwa barua pepe na kwa simulizi za ndani ya daladala.

Waliotajwa walikanusha, na baadhi walitishia kwenda mahakamani. Lakini Januari 2008 Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Ballali baada ya ukaguzi kubaini kwamba Sh bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya malipo ya madeni ya nje (EPA). Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kutokana na kashfa ya Richmond, na wananchi wakaufuatilia mjadala huo wa Bunge moja kwa moja kwenye televisheni. Mwembeyanga, uwanja wa vumbi uliozoea mikutano ya kawaida, ukaingia katika historia ya siasa za nchi.

Ni katika mazingira hayo Kikwete alipowarudia wazee. Mei 3, 2010, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilikuwa limetangaza mgomo wa nchi nzima likidai kima cha chini cha mshahara cha Sh 315,000. Mbele ya wazee wa Dar es Salaam, katika ukumbi ule ule wa Diamond Jubilee, Rais alisema Serikali haina uwezo huo, akawashambulia viongozi wa wafanyakazi kwa maneno makali, na akasema yuko tayari kuzikosa kura zao. Ukumbini alishangiliwa. Mgomo haukufanyika.

Nje ya ukumbi mambo yalikuwa tofauti. Kauli ile kuhusu kura ilikatwa kutoka katika hotuba ndefu na kurudiwa siku baada ya siku, redioni na magazetini, hadi kampeni za Oktoba. Kikwete alishinda, lakini kura zake zilishuka kutoka asilimia 80.28 za mwaka 2005 hadi 62.8. Katika Wilaya ya Kinondoni ya wakati huo, Ubungo ilikwenda kwa John Mnyika na Kawe kwa Halima Mdee, wote wa Chadema. Sababu za matokeo hayo ni nyingi, na si haki kuibebesha hotuba moja mzigo wote. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa maneno yaliyosemwa kwa wazee kumrudia msemaji wake kwa namna ile.

Alirudi tena Novemba 18, 2011, kuutetea muswada wa sheria ya mabadiliko ya Katiba ambao wabunge wa Chadema walikuwa wameususia. Aliwashambulia wapinzani wasiokuwapo ukumbini. Siku chache baadaye akawapokea wapinzani hao hao Ikulu, wakazungumza kwa siku mbili. Mazungumzo hayo ya faragha ndiyo yaliyopunguza joto.

Machi 2012 ikawa zamu ya mgomo wa madaktari. Rais aliwaeleza wazee jinsi alivyokutana na madaktari na mgomo ukasitishwa. Miezi mitatu baadaye ulizuka upya, na kiongozi wake, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa vibaya na kutupwa katika msitu wa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Katika hotuba yake ya mwisho wa mwezi Juni, Kikwete alikana Serikali kuhusika. Gazeti la MwanaHALISI liliandika vingine, na mwishoni mwa Julai likafungiwa kwa muda usiojulikana. Kwa hiyo katika miezi michache taifa lilipewa maelezo ya ukumbini, maelezo ya televisheni na maelezo ya gazeti lililofungiwa, na kila kundi likachagua ya kuamini.

Wapinzani wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wazee wanaoalikwa ni wa upande mmoja, na kwamba mwaliko hupita katika mikono ya chama tawala. Si rahisi kulipuuza lalamiko hilo, kwani mara kwa mara shangwe za ukumbini zimefanana mno na za mkutano wa chama. Upande wa pili wa hoja nao una uzito. Mzee wa Kiswahili hamzomei mgeni, awe wa chama gani, na ukimya au makofi ya mtu mwenye adabu si lazima yawe kura.

Jambo jingine ni hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Temeke pekee ina 1,346,674, Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, ina 1,086,912, na Kinondoni iliyobaki ina 982,328. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala Rangi Tatu au Kimara huenda hamjui hata mmoja kati ya wazee waliokaa viti vya mbele. Hata televisheni imegawanyika. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa jijini Desemba 31, 2012, anachokiona mtu kinategemea king'amuzi alichokinunua na kifurushi alichokilipia.

Awamu ya Tano ilikuja na jibu lake: badala ya kushindana na sauti nyingi, zilipunguzwa. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa hoja kwamba gharama yake ni Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na viwanja kama Mwembeyanga vikakosa kazi hiyo hadi Januari 2023. Mwaka 2017 pekee MwanaHALISI, Mawio, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi tofauti, na watangazaji wakaagizwa wasome vichwa vya habari tu katika vipindi vya asubuhi vya magazeti. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya Sh milioni 60 kwa kutangaza tamko la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu chaguzi ndogo.

Rais John Magufuli mwenyewe alizungumza kila mahali: barabarani, kwenye hafla za kuapisha, makanisani, na hata kwa kupiga simu katikati ya kipindi cha Clouds TV. Jijini, Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, alifuata mtindo huo. Februari 2017 alisoma hadharani majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya, na usiku wa Machi 17 aliingia katika studio za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Nape aliunda kamati ya kuchunguza tukio hilo, na siku chache baadaye akaondolewa uwaziri.

Lakini sauti iliyozibwa hapa ilitokea pengine. Aprili 2018 Mange Kimambi, Mtanzania anayeishi Marekani, aliitisha maandamano kupitia Instagram. Hayakufanyika, ila Serikali ilijaza askari mitaani kumjibu mtu mwenye simu, aliye mbali na bila chama.

Gharama ya kimya ilionekana Machi 2021. Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu Februari 27. Uvumi ukatanda na baadhi ya waliousambaza wakakamatwa, huku Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, Machi 12, akiwaambia waumini mjini Njombe kwamba Rais yupo na anachapa kazi. Usiku wa Machi 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kifo chake kupitia TBC. Siku nne baadaye, katika Uwanja wa Uhuru, Temeke, watu 45 walikufa kwa kukanyagana katika umati wa waliokwenda kumuaga.

Rais Samia hakuchelewa kuwatafuta wazee. Mei 7, 2021, alizungumza nao katika ukumbi wa Mlimani City, kwa sauti ya upole iliyopokewa vizuri. Februari 2022 magazeti manne yaliyofungiwa yalifunguliwa. Hata hivyo mkono wa zamani haukuondoka kabisa. Agosti 2021 Uhuru, gazeti la chama chake mwenyewe, lilisimamishwa kwa siku 14 kwa kuandika kwamba hatagombea mwaka 2025, na Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi zilisitishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025. Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Siku ya kupiga kura maandamano na ghasia zilizuka Ubungo, Kimara, Magomeni na maeneo mengine ya jiji. Intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa na wakazi wa Dar es Salaam wakaamriwa kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Mawasiliano yaliporudi, wateja wa simu walikuta ujumbe wa Polisi ukiwaonya dhidi ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mamia ya watu wanaaminika kuuawa. Serikali iliyapinga makadirio ya aina hiyo, na Novemba ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman.

Desemba 2, 2025, Rais Samia aliwaita wazee wa Dar es Salaam. Akiwa na wiki moja kabla ya maandamano mapya yaliyoitishwa mitandaoni kwa ajili ya Desemba 9, alisema yaliyotokea yalikuwa mpango wa kuiangusha Serikali, na akatetea nguvu iliyotumiwa na vyombo vya usalama. Hotuba ilirushwa moja kwa moja. Kabla ya jioni vipande vyake vilikuwa vimesambaa kwenye simu, kila kimoja kikiwa na maelezo ya aliyekikata.

Sherehe za Uhuru za mwaka huo zilikuwa zimekwishafutwa. Desemba 9 ilipofika, mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa mitupu, na waliokuwa wakipita walikuwa askari wa doria.